Anayevujisha Wimbo Amekosa Nini?

Juni 2008 mkazi mmoja wa California aliweka mtandaoni nyimbo tisa za bendi ya Guns N' Roses zilizokuwa hazijatoka. Zilikuwa za albamu ya Chinese Democracy, ambayo mashabiki walikuwa wameisubiri kwa miaka mingi hata ikageuka kichekesho katika biashara ya muziki. Agosti mwaka huohuo FBI wakamkamata, Novemba albamu ikatoka rasmi, na Julai 2009 mahakama ikampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja pamoja na miezi miwili ya kutotoka nyumbani. Hakuuza wimbo hata mmoja. Aliwasikilizisha watu kitu ambacho miezi mitano baadaye wangekisikia vilevile, tena kwa kuhimizwa na matangazo. Wengi wetu hatuna shaka kwamba alikosa, ila tukiulizwa kosa lenyewe ni lipi majibu yanaanza kugongana, na mgongano huo haupaswi kuachiwa mawakili peke yao. Adhabu isiyojua inaadhibu nini haina namna ya kupimwa kwa haki. Ndiyo maana ni lazima tumalizane na swali la maadili kwanza, la sheria lifuate.

Jibu lililo karibu na ulimi ni kwamba ameiba. Kampuni za kurekodi hulipenda, kwa kuwa kila mtu anaujua wizi na hakuna anayetaka kuitwa mwizi. Lakini wizi una masharti yake. Aliyeibiwa baiskeli anatembea kwa miguu. Aliyevujishiwa wimbo bado anao, na rekodi iko palepale alipoiacha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na ugumu huu mwaka 1985 katika kesi ya Dowling, aliyehusika na usambazaji wa santuri za magendo za Elvis Presley, baadhi zikiwa na mabaki ya studio ambayo Presley hakuyatoa. Serikali ilitaka ahesabiwe pia kuwa amesafirisha mali ya wizi kutoka jimbo hadi jimbo. Majaji sita dhidi ya watatu walikataa. Walieleza kwamba anayekiuka hakimiliki hakichukui kitu kutoka mikononi mwa mwenyewe wala hamnyimi kukitumia, hivyo tendo lake haliingii sawasawa ndani ya maana ya wizi. Hatia yake ya kukiuka hakimiliki ilibaki. Kilichokataliwa ni kulibandika kosa jina lisilo lake.

Mtetezi wa nadharia ya wizi atarudi na hoja ya pili: kilichoibwa ni mauzo. Hoja hii ina heshima yake maana inaweza kupimwa, na imepimwa. Mchumi Robert Hammond wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina alichunguza albamu zilizovuja kabla ya kutoka, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2014 aliona kwamba albamu iliyovuja mwezi mmoja mapema zaidi iliuza nakala kama 60 za ziada. Kwa albamu ya msanii mkubwa nakala 60 ni sawa na hakuna, lakini uzito wa matokeo uko katika kile kisichoonekana: hasara. Septemba 2007 albamu mbili zilizokuwa zikishindanishwa, Graduation ya Kanye West na Curtis ya 50 Cent, zote zilivuja kabla ya siku yake. Katika wiki ya kwanza nchini Marekani moja iliuza nakala 957,000 na nyingine 691,000. Mwaka uliofuata Tha Carter III ya Lil Wayne ilivuja nayo, ikapita milioni moja ndani ya wiki. Sisemi kwamba kuvuja ni baraka. Hammond mwenyewe aliona kwamba wanaofaidika ni wale ambao tayari wana jina, na mwanamuziki mchanga aliyejiwekea siku moja tu ya kusikika anaweza kabisa kuumia. Ninachosema ni kwamba kama hasara ya fedha ndiyo roho ya kosa, basi aliyemvujisha Lil Wayne hadaiwi kitu, pengine anastahili asante. Nafsi inalikataa hitimisho hilo, na kwa maoni yangu inalikataa kwa sababu nzuri.

Wiki chache kabla ya hukumu ya Dowling, mahakama ileile ilikuwa imeamua kesi nyingine, na ni ajabu kwamba hazisomwi pamoja mara kwa mara. Rais mstaafu Gerald Ford alikuwa ameandika kumbukumbu zake, kampuni ya Harper & Row ikawa na haki ya kuzichapa, na jarida la Time likakubali kulipa dola 25,000 ili litoe sehemu yake kabla ya kitabu. Mswada ukavujishwa kwa jarida la The Nation, ambalo mwaka 1979 lilichapisha makala iliyonukuu maneno kama 300. Maneno 300 katika kitabu kizima! Time likajitoa na kukataa kumalizia dola 12,500 zilizobaki. The Nation lilijitetea kwamba ni habari, tena habari za rais, na kwamba nukuu fupi huruhusiwa. Mahakama ikalikatalia, na sababu iliyosisitiza ni kwamba kazi ilikuwa haijatoka: mwandishi ana haki ya kuchagua ni lini, wapi na kwa sura gani atajitokeza mbele ya umma kwa mara ya kwanza. Ukiziweka hukumu hizo mbili bega kwa bega, unapata kitu ambacho majaji hawakukiandika kwa sentensi moja. Kuvujisha si wizi, na bado ni jambo zito, kwa kuwa kinachoguswa ni mamlaka ya mtu juu ya neno lake ambalo hajalisema.

Mamlaka hayo Immanuel Kant aliyatetea miaka mia mbili kabla ya hapo. Katika makala fupi ya mwaka 1785 dhidi ya wachapaji wa magendo, alidai kwamba kitabu hakitazamwi vizuri kikitazamwa kama bidhaa. Kitabu ni mwandishi anayezungumza na watu, na mchapaji ni anayeipeleka sauti hiyo kwa niaba yake. Mchapaji asiye na idhini anamfanya mwandishi aseme bila ridhaa yake. Hoja hii hugusa kuvuja moja kwa moja, kwani mvujishaji anamsemesha mtu ambaye hata hajaamua kwamba ana la kusema. Kant, ni haki kukiri, aliitenga michoro na sanamu: kwake aliyeinunua picha kihalali aliweza kuinakili, kwa sababu picha ni kitu, haiongei. Msomaji anaweza kuuliza kama muziki uko upande wa picha au wa hotuba. Nauweka upande wa hotuba bila kusita. Rekodi ya wimbo ni koo la mtu lenyewe, pumzi yake na mahali alipokosea. Jaribio la kuimba lililofanyika saa nane usiku ili fundi mitambo asikie kama ufunguo unafaa halikuelekezwa kwa umma, na kuliweka mbele ya umma ni kumtia msanii kinywani kauli ambayo hakuitoa.

Mahakama za Uingereza zilikuwa zimefika karibu na hapo kwa njia ya vitendo. Malkia Victoria na mumewe Albert walikuwa wakichora kwa starehe zao, picha za watoto na mbwa wa nyumbani, wakazichonga kwenye mabamba ya shaba na kutoa nakala chache za kuwapa marafiki. Mabamba yalipelekwa kwa mchapaji wa Windsor. Huko mfanyakazi mmoja akajitolea nakala zake za siri, zikapita mkono hadi mkono mpaka zikamfikia mchapishaji aitwaye Strange, aliyepanga maonyesho na katalogi ya kuuzwa. Mwaka 1849 mahakama ilizuia maonyesho, na ikazuia hata katalogi. Hapo ndipo penye mafunzo. Katalogi haikuwa na picha hata moja ndani yake, ilikuwa na maelezo tu ya kilichochorwa. Majaji walitaja mali, kama ilivyokuwa desturi ya zama zao, lakini walitaja pia kuvunjwa kwa uaminifu, na ni hilo la pili tu linaloeleza kwa nini maelezo matupu yazuiwe. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Warren na Brandeis, waliichukua kesi hiyo wakasema waziwazi kwamba mali ilikuwa joho la kuazima, na kwamba kilicholindwa ndani yake ni utu wa mtu usioingiliwa. Kesi hiyo si ya mbali nasi kama inavyodhaniwa. Sheria ya Tanzania inaipokea sheria ya desturi ya Uingereza pamoja na kanuni za ekwiti kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na sheria ya Kenya nayo ina mlango wa aina hiyo. Prodyuza wa Sinza au wa Eastleigh anayepeleka nje faili alilokabidhiwa anakutana, bila kujua, na mabamba ya Malkia Victoria.

Wala msomaji wa pwani hana haja ya kupitia Windsor ili aelewe. Surat an-Nur inamkataza muumini kuingia nyumba isiyo yake bila kuomba ruhusa, na ndiyo hodi yetu hii. Wanazuoni walipotafuta sababu ya amri hiyo walikuwa na hadithi ya Mtume inayoeleza kwamba ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Fikiri uzito wake. Anayechungulia kwenye upenyo wa mlango hachukui sufuria wala shilingi, mwenye nyumba akihesabu vitu vyake vyote vipo, na bado amekosewa, maana ameonwa kabla hajajiweka tayari kuonwa. Kando ya amri hiyo iko ile ya Surat an-Nisa ya kurudisha amana kwa wenyewe, na mafundisho yanayojulikana kwamba ya barazani hubaki barazani. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait, lilikubali kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia, lakini nadhani kwa suala letu mlango wa amana una nguvu kuliko mlango wa mali. Kuna masheikh wasioruhusu muziki kabisa, na mtu mjanja angeweza kudai kwamba kwao kilichovujishwa hakina thamani ya kulindwa. Hoja hiyo haiendi mbali: aliyekabidhiwa siri akaitoa amefanya khiyana, hata kama siri yenyewe tungependa isingekuwapo.

Ufaransa ndiyo nchi iliyolisukuma wazo hili mpaka ukingoni. Mchoraji James Whistler alimchora mke wa tajiri mmoja wa Kiingereza, wakagombana juu ya malipo, akakataa kuikabidhi picha. Mwaka 1900 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliamua kwamba Whistler arudishe fedha na alipe fidia, lakini halazimishwi kuitoa picha, kwani kama imekamilika au la ni yeye wa kusema. Mfano wa pili unauma zaidi. Charles Camoin alizichana turubai zake ambazo hazikumridhisha akazitupa jalalani. Mpita njia akaziokota, zikaunganishwa, zikauzwa, na mwishowe zikamfikia mwandishi Francis Carco. Mwaka 1931 mahakama ya Paris ilikubali kwamba aliyeokota amekuwa mwenye vipande hivyo kama vitu, na bado ikasema hana haki ya kuvirudisha kuwa picha za Camoin. Nadharia ya mali haina namna ya kuieleza hukumu hiyo. Turubai zilikuwa takataka, na takataka ni ya aliyeiokota. Kilichobaki mikononi mwa mchoraji ni neno la kusema hii si kazi yangu bado.

Nikikubaliwa hadi hapa, kipimo cha dhima kinabadilika, na matokeo yake yatawashangaza baadhi ya watu. Kwenye kiwanda cha diski cha Kings Mountain, North Carolina, mfanyakazi mmoja alitoa nje diski kwa miaka kadhaa akizificha nyuma ya bizimu kubwa la mkanda. Walinzi walipompitishia kifaa cha kunasa chuma kikalia, walidhani ni bizimu tu. Kupitia kwake na kundi la mtandaoni alilolitumikia zilivuja albamu zinazokaribia 2,000, zikiwamo zile za 2007 nilizozitaja. Kwa hesabu ya kibiashara huyu ndiye mfalme wa wavujishaji. Kwa kipimo ninachokitetea kosa lake ni la kweli, alivunja uaminifu wa ajira na akachukua diski zisizo zake, ila halifiki kilele, kwa sababu diski zile zilikuwa zimekamilika. Msanii alikwisha kusema. Kilichobaki ni tarehe. Alitumikia miezi mitatu gerezani. Mlinganishe na mdukuzi wa Tel Aviv aliyeingia kwenye kompyuta za watu wa karibu na Madonna na kuuza nyimbo ambazo hazijakamilika, hata mwimbaji akalazimika kuachia sita haraka Desemba 2014. Huyo alipewa miezi 14 mwaka 2015, na naona mahakama ilipima vyema. Na mwaka 2025 waendesha mashtaka wa Michigan walimshtaki fundi mitambo wa zamani wa Eminem kwa madai ya kuuza zaidi ya nyimbo 25 alizozifikia studioni, kwa kiasi cha dola 50,000 za sarafu ya kidijitali. Madai hayo yakiwa kweli, ni mfano kamili wa kosa ninalolizungumzia: aliyeketi ndani ya chumba cha amana, kazi ambayo haikuwa tayari, na faida mfukoni.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2005, iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kazi zisizotoka, haioni hivyo. Inamlenga anayeweka mtandaoni kazi inayoandaliwa kwa usambazaji wa kibiashara, na inaweza kumfunga miaka mitatu, au mitano akiwa ametafuta faida. Angalia inachokiacha nje: kazi ambayo msanii hakukusudia kuiuza kamwe. Mwaka 2019 mtu alizipata diski za Thom Yorke wa Radiohead, saa 18 za majaribio ya zama za OK Computer. Bendi ilieleza kwamba ilitakiwa kulipa dola 150,000 ili zisitoke. Badala ya kulipa iliziweka yenyewe sokoni kwa paundi 18, kwa siku 18, fedha zikaenda kwa wanaharakati wa mazingira. Watu walishangilia ujanja huo, na ulistahili kushangiliwa, lakini tusisahau kwamba bendi ilizungumza kwa sababu ilisukumwa mgongoni. Kifungu kinachoilinda zaidi albamu iliyopangiwa tarehe kuliko daftari la ndani la msanii kimelishika jambo mkiani.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita upesi, na jina lake ni Kafka. Alipofariki mwaka 1924 alikuwa amemwachia rafiki yake Max Brod agizo la kuchoma maandishi yake. Brod hakuchoma, mwaka uliofuata akachapisha The Trial, na dunia inashukuru. Je, Brod si mvujishaji? Kwa sehemu ndiyo. Lakini alikuwa, kwa maelezo yake, amemwambia Kafka usoni kwamba hatachoma, naye Kafka hakubadili mtu. Alitenda kwa jina lake mwenyewe bila kujificha. Na mwenye neno hakuwapo tena ili kulisema vingine. Mfano wake unaonyesha kwamba wajibu huu unaweza kuzidiwa na wajibu mwingine. Hauonyeshi kwamba haupo. Shukrani za wasomaji haziwi ruhusa inayorudi nyuma, kwa kuwa anayevujisha leo hajui kama anaokoa kito au anamwaibisha mtu. Kifo chenyewe hakifuti kila kitu: Prince alipofariki mwaka 2016, fundi aliyefanya naye kazi alijaribu mwaka uliofuata kutoa nyimbo walizorekodi pamoja, ingawa alikuwa ametia saini ya kutunza siri, na mahakama ya Minnesota ikamzuia kwa ombi la wasimamizi wa mirathi. Wapo pia wanaosema wasanii huvujisha wenyewe ili kutafuta kiki. Wanapofanya hivyo wameridhia, na palipo na ridhaa hakuna kosa, labda uongo mdogo wa kibiashara. Na anayejilinganisha na mtoa siri za ufisadi anajipa sifa ya bure. Umma una haki ya kujua fedha zake zilikokwenda. Hauna haki ya kujua ubeti wa pili utakuwaje.

Anabaki msikilizaji. Huyu hakukabidhiwa kitu wala hakuvunja mlango, na kumfungulia mashtaka mtu aliyebonyeza faili alilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp ni kuipoteza sheria mahali pasipo na kosa la kutosha. Hali ni tofauti kwa mashabiki wanaochanga fedha kununua wimbo uliodukuliwa. Wao ndio soko linalomlisha mdukuzi, na wanafaa kuwajibika kama mpokeaji yeyote anayejua anachopokea. Mzigo mkubwa ubaki kwa aliyeaminiwa na kwa aliyeingia bila ruhusa. Fidia ipimwe kwa ukaribu wa mkosaji na kazi na kwa umbali wa kazi kutoka kukamilika. Faida yote aliyoipata aitapike. Na hesabu ya mauzo yaliyopotea iachwe kwenye daawa za kibiashara, inakostahili kuthibitishwa shilingi kwa shilingi.

Mkataba wa Berne, ambao Tanzania na Kenya zimo, ulipoongezewa haki za kimaadili mjini Roma mwaka 1928 ulizitaja mbili: mtunzi kutambuliwa na kazi yake kutoharibiwa. Sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zimeshika njia hiyohiyo. Haki ya kuamua lini kazi inatoka, ambayo Wafaransa wameiandika kwenye sheria tangu 1957, inastahili kuwa ya tatu, na wabunge wa Dodoma na Nairobi hawahitaji kusubiri mtu wa Paris au Geneva kuwaambia. Kabla hawajafanya hivyo, msanii na prodyuza waandike kwenye karatasi, siku ya kwanza studioni, faili linakaa kwa nani na nani peke yake anaweza kuruhusu litoke.